Kiganja cha Kuuza

Kwa miaka mingi Vytas Kundrotas alijipatia riziki kwa mikono na koo, katika soko la mikataba ya fedha la Chicago ambako watu waliovaa makoti ya rangi walisukumana na kupigiana kelele tangu asubuhi. Kiganja kikielekea kifuani, unanunua. Kikielekea nje, unauza. Hapakuwa na saini wala shahidi, na Vytas hakuwahi kulikana neno alilolitoa kwa kiganja, hata siku lilipomgharimu pato la mwaka mzima. Watu walimheshimu kwa hilo, na alistahili.

Kisha kompyuta zikaja, uwanja wa soko ukanyamaza, naye akaanza kufanya biashara nyumbani kwake, mtaa wa Bridgeport, kwenye meza ya jikoni.

Mkewe Loreta, aliyekutana naye sokoni mwanamke huyo akiwa karani wa kupokea ishara za mikono, sasa alipika katika shule moja ya mtaani. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Walikubaliana kwamba Juni ataacha kazi, na akiba yake, iliyokuwa katika hisa za kawaida, itawatunza wote wawili. Vytas hakuiamini akiba ile. Kila Jumamosi, kwenye mkahawa wa barabara ya Halsted, aliwaambia wenzake wa zamani kwamba soko litaanguka.

"Umeanza tena, nabii," Emmet Tansey alimtania. "Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, mimi nikanunua boti."

"Itunze. Utalala humo."

Kwa kuwa aliyaamini maneno yake, alinunua kinga: hisa za mfuko unaofuata kipimo cha hofu, ile namba inayopanda soko linapotetemeka. Ila siku za utulivu hisa hizo huliwa kidogo kidogo, kama sabuni iliyosahauliwa majini. Ili kufidia, Vytas akawa anawauzia watu haki ya kuzichukua kwa bei iliyopangwa, kabla mwezi haujaisha. Hofu isipopanda, hubaki na hisa na malipo pia. Ikipanda, hisa huchukuliwa kwa bei ile ile, na faida yote ya juu yake huwa ya mwingine.

Loreta alielewa upesi. "Baba Rasa, huu ni mwavuli gani, mvua ikinyesha anaufungua jirani?"

"Nitauza haki ya nusu tu. Nusu nyingine siigusi. Nakupa neno langu."

Likamtosha, maana alimjua mwenye neno.

Miezi ikapita shwari. Malipo yalirekebisha paa, yakanunua matairi ya theluji. Kila alipouza, kiganja chake cha kulia kilijiinua chenyewe mbele ya skrini, kikielekea nje, na Loreta, akikuna viazi vya kugelis, chakula cha kwao cha kuoka, alimcheka. Lakini mfuko ulizidi kuliwa na malipo ya nusu yakadhoofika. Januari Vytas akaigusa nusu ya pili. Alijiambia ni mwezi mmoja tu. Februari akarudia, na Machi. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu ambaye hakuwahi kumvunjia neno mgeni alimvunjia mwanamke aliyeketi upande wa pili wa meza, kwa sababu mgeni angemshitaki na mkewe asingemshitaki.

Machi hiyo hiyo soko likaanguka. Likapumua kidogo, likaanguka tena, na kipimo cha hofu kikapanda mara tatu. Emmet akapiga simu kuomba radhi: alimcheka, kumbe leo nabii peke yake ndiye anayekula. Vytas akamshukuru, akakata. Ijumaa hisa zote zikachukuliwa kwa bei ya makubaliano.

Loreta alirudi jioni, theluji viatuni. Wapishi wenzake walikuwa wamelia mchana kutwa. Yeye aliwafariji, kwa kuwa alikuwa na kinga. Aliketi bila kuvua koti.

"Akiba yangu imekwenda karibu nusu. Si kitu. Ile nusu yetu ya kinga ipo?"

Vytas aliifunga kompyuta. Kiganja cha kulia kikainuka, kikaelekea nje.

Loreta alikuwa amezisoma ishara hizo ujana wake wote.

"Yote?"

"Yote, mama."

Hakumpigia kelele. Alishika ukingo wa meza, akasimama kwa taabu, akatoa aproni mfukoni akailoweka kwa ajili ya Jumatatu. Juni ilipofika alikwenda kazini, na Juni iliyofuata pia, akishuka ngazi kinyumenyume ili kuyahurumia magoti.

Kule Halsted bado wanamwita nabii. Hajawasahihisha.