Maji kwenye Silinda ya Tatu

Dada yangu alipiga simu asubuhi akiwa nyumbani kwetu, mbele kidogo ya Kegonga. "Mzee hapumui vizuri tangu jana. Kuja na gari, haraka." Pikapu pekee ya kijijini ilikuwa imepeleka tumbaku, na baba alikuwa dhaifu mno, hakufaa kupandishwa bodaboda. Mimi nilikuwa Homa Bay, na gari nilikuwa nalo.

Mtu mwenye akili angewasha gari akaenda. Mimi kwanza nilipita ufuoni mwa ziwa nilioshe. Kwetu mzee mgonjwa habebwi kwenye gari lenye matope. Majirani hutazama, na wakiona magurudumu machafu husema watoto wameshamchoka baba yao. Nikawaamuru waoshaji magari wa pale wapige maji mpaka kwenye injini. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mpaka leo.

Nikikaribia Rongo, gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikikanyaga mafuta, linakohoa. Taa ya injini ikawa inapepesa kwenye dashibodi, na ekzosi ikatoa harufu ya petroli mbichi. Nikajikokota hadi kwa fundi wa kando ya barabara, mwanamume mnene, mpole kupita kiasi. Upole wake ulinikera tangu salamu.

"Ni mafuta machafu," nikamwambia. "Ama plagi. Badilisha zote."

"Omera, ndugu yangu, pole pole. Hiyo taa ikipepesa hivyo, petroli haichomeki ndani, inaenda kuharibu ekzosi. Ukilazimisha, Migori hufiki. Wacha kwanza tuulize injini."

Akaiacha injini ikinguruma, akachomoa waya wa koili ya kwanza, ile inayopeleka moto kwenye plagi. Gari likayumba zaidi, akaurudisha. Wa pili, vivyo hivyo. Alipochomoa wa tatu, hakuna kilichobadilika. "Huyu ndiye amelala," akasema. Akazima injini, akaing'oa koili yenyewe. Tundu la plagi lilikuwa limejaa maji.

Akainama, akanusa. "Hii ni sabuni. Injini aliiosha nani?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Alifyonza yale maji kwa kitambaa alichokifunga kwenye bisibisi, akakikamua, akarudia tena na tena. Mimi nilikuwa nikizunguka gari huku nikimpigia dada. Kule kwetu mpakani simu hurukia mtandao wa Tanzania, na siku hiyo yake haikupatikana tena. Nikamgeukia fundi, nikamfokea kwamba baba yangu anakufa na yeye anachezea vitambaa. Alinitazama, akavua shati lake na kulitumia kukaushia koili. Nililia pale mbele yake, mtu mzima mimi, nimeshika mlango wa gari.

Injini ilishika mchana, saa nane. Taa ikabaki imewaka tuli bila kupepesa, na fundi akasema itanifikisha. Nikapita Migori, nikapita Kehancha, nikiendesha vibaya na kumwomba Mungu kwa sauti. Karibu na Kegonga nikakuta bodaboda iliyobeba watu watatu ikija mbele yangu, ikitambaa katikati ya barabara, ndani ya wingu la vumbi. Nikapiga honi bila kuachilia mpaka ikayumba na kuingia kwenye majani. Nikawapita nikiwatukana.

Nyumbani nilikuta kitanda cha baba kitupu. Mama mmoja jirani alikuwa akikunja blanketi. Akaniambia walikuwa wamechoka kuningoja, wakamfunga mzee kwa leso katikati ya dada yangu na mwenye pikipiki, waende Kehancha hospitali. "Kwani hamkukutana njiani?" akauliza.

Niligeuza gari. Niliwakuta palepale kwenye majani. Mwenye pikipiki alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Dada alikuwa ameketi chini, amempakata baba. Nilimgusa shingoni: joto lilikuwapo bado, pumzi haikuwapo. Nikaanza kueleza habari za maji na koili na fundi wa Rongo, nikaeleza tena, nikashindwa kunyamaza. Dada aliniacha mpaka maneno yakaniishia. Kisha akaniuliza kama nilipopita nilimwona baba akiinua mkono. Alikuwa amelitambua gari.