Pembe ya Bati Iliyoelekezwa Ruiru

Mhandisi wa rada aliniajiri kwa sababu nilijua kukunja bati. Lori lake lenye mtambo lilisimama Ruiru, kwenye mwinuko juu ya mashamba ya kahawa. Alikuwa na hesabu zinazoonyesha mawimbi ya redio ya mtambo huo yangefika umbali gani na kurudi na nguvu kiasi gani. Alichotaka ni kuzijaribu juu ya mashamba halisi, yenye umande, upepo na matope.

Nikamtengenezea pembe ya bati, yaani mabati matatu yaliyokutana kama kona ya chumba, ili yarudishe mawimbi yalikotoka. Tukayafunga juu ya nguzo katika kambi ya wakataji mkonge nje ya Thika, mdomo ukielekea Ruiru. Kwenye skrini ndani ya lori yalionekana kama nukta angavu. Nami nilikuwa wa kujaribiwa tu: nukta ikidumu, ningebaki nijifunze kazi, isipodumu, ningerudi kuziba sufuria sokoni.

Asubuhi moja baada ya mvua, nukta haikuwepo.

"Pembe imelegea, fundi?" mhandisi akauliza.

"Sijui, bwana."

"Basi nenda ukajue."

Nikachukua baiskeli na kibali changu cha kusafiri, maana ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Kule kambini nikakuta bati letu lote limelazwa juu ya nguzo, mdomo ukitazama mbingu, limejaa maji. Mama aliyewapikia wakataji alikuwa akiyachota.

"Mama, umefanya nini?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeacha bati zuri hivi likodolee barabara macho, mvua ikimwagika bure! Huna lingine?"

Nilirudi Ruiru nikijua kazi imekwisha. Nilipomsimulia, mhandisi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza, "Lilikuwa limelala kiasi gani?" Hakuna aliyepima. Swali hilo, la bati kulala kiasi gani kabla nukta haijapotea, hatukuwa tumejiuliza.

Tukampelekea mama pipa la maji, naye akaturudishia bati letu akiguna. Tukalinganisha saa zetu. Mimi nikililaza kidogo kidogo kwa wakati tuliopatana, mhandisi akitazama skrini kule Ruiru. Nukta ilififia mapema kuliko hesabu ilivyosema, kwa kuwa bati jembamba lilipinda kwa uzito wake wenyewe na kona ikapoteza umbo.

Yote niliyojisomea baadaye kuhusu mawimbi yalianzia hapo, na hadi leo namshukuru yule mama kama ninavyomshukuru mhandisi. Jioni ile ya jaribio mhandisi hakuniambia kama nimebaki. Aliniuliza tu kesho nitaleta bati la unene gani.