Kijito Nilichokifunga

Asifiwe Mungu, aliyeyatenga maji na nchi kavu, wala hasahau hata kijito kisicho na jina.

Harufu ya mihogo iliyolowekwa, ule uchachu unaobaki vidoleni hata baada ya sabuni, hunirudisha mtaani kwetu Dilala, kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Nyuma ya nyumba za kampuni ya mgodi kulipita kijito chembamba, nilikiruka bila hata kukimbia. Mama alinituma kuloweka humo mihogo ya bukari, ugali wetu. Maji yalikuwa machache, hayakuifunika. Basi nikakiziba kijito kwa mawe na udongo, kikawa kidimbwi kizuri, nikajisifu sana.

Kumbe bibi yangu, Kambo kama tunavyowaita mabibi kwetu, alikitegemea kijito hicho hicho. Alikuja kutoka Kasai pamoja na babu, mfanyakazi wa mgodi, na kwa miaka mingi alikataa ubatizo. Mwaka ule alikubali. Angebatizwa Jumapili mtoni, pale kijito kinapoingia. Ijumaa alikwenda kupatazama, nami nikamshika mkono. Tulikuta maji yamesimama, ya kijani, yana utando juu, na visamaki vikitweta pembeni.

"Hii mayi imekufa," alisema Kambo. "Mi siwezi kuingia mu mayi ya kufa. Waambie ba kanisa, nimeacha."

Akageuka kurudi nyumbani. Nilijua akifika hatatoka tena. Nikalia.

"Kambo, ni mi nilifunga mayi. Juu ya mihogo, ipate kulowa."

Alinitazama, kisha akacheka hadi kitambaa kikamwanguka kichwani. "Tata pasta anasema ni Shetani anakatazaka batu ubatizo. Kumbe ni mihogo!"

Tuliitoa mihogo ingali migumu, tukaondoa jiwe moja moja. Maji yalitoka machafu, yakinuka. Kufikia Jumapili yalikuwa yanaonyesha mchanga wa chini. Kambo alizama, akainuka akitetemeka kwa baridi, akaita mbele ya kanisa lote: "Kafunga-mayi, kuya hapa!" Akanikumbatia, nikalowa.

Leo Kambo ni mimi. Kijito kile kimezikwa chini ya udongo wa mgodi, na vingine viwili pia. Watu husimama darajani wakiulizana mto umepatwa na nini. Siwacheki, hata mimi zamani nilijua kidimbwi changu tu, si mto. Kimebaki kijito kimoja, na kila kiangazi mimi na akina mama wa kanisa tunakwenda kukitoa takataka. Bado wananiita Kafunga-mayi.

Wewe unayesoma, Mungu akuletee maji yanayotembea, na akupe subira ya kuliondoa jiwe uliloliweka kwa mkono wako. Amina.