Mezire Nane za Trompeti

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mutoto mgongoni, na orchestra ya jazi yenye vijana watatu wanaonipita wote kwa kupiga. Mimi naimba na kugonga piano ya umeme kwa vidole vilivyofundishwa kanisani. Wao, wimbo wakiusikia mara moja kwenye simu, jioni wameshaugeuza mpaka huutambui.

Orchestra ilikuwa ya mume wangu, mpiga trompeti; vijana hawa walikuja baada yake. Asubuhi moja alipanda njia ya Kibumba kumtafuta mama yake, siku ambayo watu wote walikuwa wanashuka wakikimbia vita. Hakurudi. Kaburi hakuna.

Sikutafuta trompeti nyingine. Niliweka sheria: katika wimbo wake, zile mezire nane alizokuwa anapiga peke yake, hesabu ya moja mpaka nne, mara nane, tunanyamaza wote. Mikono juu ya magoti. Kisha naingia mimi.

Siku hiyo tulikuwa kwenye repetisyo, mazoezi yetu, mtaa wa Mabanga, mchana, nyumba ya mbao. Tulinyamaza, nikaingia. Saksofoni haikunifuata.

"Mama, unaingia mbele," akasema mpiga saksofoni, mdogo kuliko wote.

"Mbele ya nini?"

"Ya saa yake. Unamupatia bwana yako mezire sita. Kila siku, sita."

Wa gita akaangalia viatu vyake. Wa ngoma akacheka puani: "Kwa ile mariage, maharusi wakicheza, ulimupatia tano, mama."

Nilichemka. "Munajua nini, ninyi? Mama zenu bado wanawafulia mashati! Mulimujua?"

"Hatukumujua," akasema yule wa saksofoni. "Njo maana tunahesabu."

Nilimtukana. Siombi pardon, hata leo. Kuhesabu nilikuwa najua, sheria ni yangu. Lakini kila nikifika ya sita nilikuwa namsikia mume wangu akivuta pumzi, ile pumzi fupi ya puani kabla ya kupuliza zile mbili za mwisho. Nami naingia juu yake haraka, nisije nikangoja trompeti na trompeti isilie. Maana isipolia, basi amekufa, na mimi ndiye nimemwachia afe, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mbele ya vijana.

"Tunarudilia," nikasema.

Tukarudilia. Ya sita, pumzi ikaja, karibu na sikio la kushoto. Vidole vikataka kushuka. Niliwaangalia wale watatu: macho chini, midomo inachezacheza, wanamhesabia mutu wasiyemjua. Siku hizi zote walikuwa wanamhesabia vizuri kuliko mke wake. Ya saba. Mutoto mgongoni alitulia kabisa, kana kwamba naye anasikiliza. Ya nane.

Trompeti haikulia.

Nikaingia. Sauti ilitoka mbaya, imepasuka katikati, lakini sikusimama. Wimbo ulipoisha mpiga saksofoni akafungua mdomo.

"Funga," nikamwambia. "Jumapili tunapiga vile vile. Nane."