Meno ya Mama na Utando wa Kuvu

Mdogo wangu akija Kitengela Jumamosi, mama huvaa kitenge cha kanisani na mimi nageuka mpishi. Ndivyo ilivyo tangu aanze utafiti wake chuoni. Mimi ninayemwogesha mama na kumchemshia uji sijasifiwa hata kwa jirani mmoja. Yeye anasifiwa mpaka Isinya.

Mama ana meno ya bandia, ya juu yote, na kaakaa lake lilikuwa jekundu, linamwasha. Hospitalini walimpa dawa ya kuvu. Likapoa, likarudi. Mdogo wangu alitueleza sababu, amekalia kiti changu. Kuvu zikinata kwenye meno hujijengea utando, na dawa haipenyi. Lakini kuvu zenyewe hutoa kemikali ya kuambiana kwamba tumejaa, basi tusijenge tena. Maabarani kwao wanaitia kemikali hiyo pamoja na dawa, utando unalegea, na dawa kidogo inatosha.

"Si uniletee hiyo," mama akasema, macho yanang'aa.

"Bado, Mum. Tunajaribu kwa visahani vya maabara tu. Kwa watu hatujafika."

Hata kitu ambacho hakijafika kilimfurahisha kuliko uji wangu! Niliingia jikoni nikaikata sukuma wiki kwa hasira hadi ikawa kama ugoro. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni aliondoka Jumapili, na Jumatatu mama, mwenyeji wake, hakuweza kumeza chai kwa maumivu.

Jumamosi moja mdogo wangu alikuja na vijiti vya pamba. Alitaka kuchukua utando wa meno ya mama akaujaribu maabarani.

"Mum, toa hizo meno nipanguse kidogo."

Mama akafumba mdomo, akatikisa kichwa.

"Basi utoe ukienda kulala, nichukue asubuhi."

"Silalangi bila meno."

Nilicheka kwa sauti. "Ni wewe ukiwa hapa ndio hatoi," nikamwambia mdogo wangu. "Siku zingine mimi ndio naziosha jioni."

Akashusha vijiti. "Kwa hivyo kila wikendi analala nazo? Mum, hiyo ndiyo inakuchoma! Lazima zitoke ukilala."

"Na unione mdomo ikiwa mtupu?" mama akauliza. "Wewe, mtu ya chuo?" Akamwonyesha mlango. "Ngoja huko nje."

Alitoka, akasimama kando ya tangi la maji. Mama akaniinamishia kichwa, akayatoa meno, akaniwekea kiganjani kama kawaida yetu. Nikayapeleka nje. Mdogo wangu aliyapangusa taratibu, kijiti baada ya kijiti, na machozi yakimlengalenga.

"Mimi sijawahi ona Mum bila meno," akasema. "Anakaa aje?"

Nilifungua mdomo nimweleze jinsi mashavu yanavyoingia ndani, na jinsi mama anavyocheka akiwa hivyo, cheko ambalo hamchekei mtu mwingine. Nikaufunga. Nikamwambia anirudishie meno, uji unapoa.