Mti Uliomshika Mutuma

Mama alisema hataketi chini ya ndege ile apige makofi mpaka ajue ilimuua vipi mwanawe. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, sina nyingine. Mimi ni mtu wa duka. Nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Mikinduri, na kama si Mama ningekuwa nyuma ya kaunta yangu nikigombana na wateja.

Mambo yalianza kwa simu. Jeshi letu la anga, ambalo si kubwa, lilikuwa limezistaafisha zile jeti za kufunzia marubani. Zilikuwa zimezeeka, vipuri havipatikani, na baadhi zilikaa bandani miaka mingi zikinyofolewa vyuma ili nyingine ziruke. Moja ikapewa shule ya sekondari aliyosoma kaka yangu Mutuma, karibu na Makutano ya Meru, isimamishwe langoni. Mwalimu mkuu alitupigia akiwa na furaha tele. Mutuma ndiye mwanafunzi pekee wa shule hiyo aliyewahi kurusha jeti, na jina lake lingeandikwa kwenye nguzo, nasi tungealikwa siku ya uzinduzi.

Mutuma alikufa akiwa bado anajifunza urubani, mimi nikiwa shule ya msingi. Jeti ilianguka huko Mbeere, mbele ya Kiritiri. Wanajeshi walileta jeneza lililopigwa misumari, wakasema aliungua papo hapo, hakusikia maumivu, na wakatuomba tusilifungue. Baba alikubali. Mama hakukubali, ila hakuna aliyemuuliza. Sasa amevuka miaka themanini, magoti yamemkataa, macho yake hayatofautishi kuku na bata, lakini akili iko palepale. Aliniambia kwa Kimeru huku akichambua maharagwe, "Nenda kwa watu walioona. Uniulizie alikufaje, na kama alimwita mtu."

Alhamisi asubuhi niliondoka na pikapu ya duka. Nilipofika Makutano, palipojaa malori na kelele za wapiga debe, nilikunja kwenda shuleni kuiona hiyo ndege kwanza. Ilikuwa tayari juu ya nguzo ya saruji, pua imeelekezwa barabarani, rangi ya kijivu bado mbichi. Ilikuwa ndogo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeiwazia dude la kutisha, kumbe ni kitu kinachoweza kuegeshwa uani kwangu. Vioo vilipakwa rangi nyeusi kwa ndani, nikamuuliza fundi aliyekuwa juu ya ngazi ni kwa nini.

"Ni vile ndani hakuna kitu, madam," alisema. "Hata viti walitoa. Hivyo viti viko na baruti chini. Rubani akivuta, vinamtupa nje na mwavuli."

Nilisimama pale na mkoba wangu kama mtu aliyesahau alikotumwa. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ndege hiyo ina njia ya kutokea. Kama Mutuma alikuwa na kiti cha kumtoa, basi aliunguaje? Niliondoka bila kumuaga mwalimu mkuu.

Kutoka Meru hadi Embu barabara ni milima na mabonde, unashuka kwenye daraja na kupanda tena, majani chai upande mmoja na migomba upande wa pili. Kwa kawaida huipenda njia hiyo. Siku hiyo niliendesha nikibishana na wanajeshi waliokwisha kustaafu zamani, pengine waliokwisha kufa. Nililala Embu katika nyumba ya wageni yenye godoro gumu, nikamka na hasira zangu zilezile.

Ijumaa niliteremka kwenda Kiritiri. Kijani kinaisha hujui kimeishia wapi. Unaona udongo mwekundu, magunia ya makaa kando ya barabara, malori ya mchanga, na mbuzi waliosimama kwa miguu miwili kufikia majani ya mgaa, ule mti wa miiba. Sokoni nilimuuliza mama mmoja muuza ndengu kama kuna mtu anayekumbuka ndege ya jeshi iliyoanguka zamani. Hakuinua hata macho kwenye mzani wake.

"Ndege iliangukia huko mtoni," alisema. "Lakini kijana aliangukia kwa mti wa Njeru."

Nikamuuliza huyo Njeru anakaa wapi. Alinielekeza kwa Njeru, nikafuata njia ya vumbi hadi boma lenye nyumba mbili za mabati na zizi la miiba. Njeru ni mzee mrefu, mkavu, mfugaji wa nyuki na mbuzi. Nilipomwambia mimi ni dada ya yule rubani, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alimwita mkewe, Mama Ireri, akamwambia alete viti. Kisha akasema huyu mama ndiye aliyekuwepo, yeye mwenyewe alikuwa ameenda soko kuuza mbuzi.

Tulikwenda kwanza kwenye mti, mwendo mfupi kutoka bomani. Ni mgaa mkubwa wenye matawi mapana. Njeru alinionyesha mahali ambapo mkanda wa mwavuli ulibaki umejikunja kwenye tawi, na gome likaumeza hadi ikaonekana ncha tu. Niliigusa ile ncha, ilikuwa ngumu kama mfupa.

Mama Ireri alisimulia polepole, akitazama chini. Kijana alishuka na mwavuli akanaswa mtini, juu, katikati ya mizinga miwili ya nyuki ya Njeru. Mguu ulikuwa umevunjika lakini alikuwa mzima, anaongea. Majirani walikuja mbio, wakawasha nyasi mbichi tayari kwa moshi wa kutuliza nyuki, na mmoja wao akaleta panga la kukatia kamba. Halafu wakasimama hapo chini. Hakuna aliyepanda.

Nikauliza kwa nini. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Huku mti wa mizinga haupandwangi na mtu mwingine," Mama Ireri alisema. "Ukipanda kama mwenyewe hayuko, wewe ni mwizi, na laana yake inaenda mpaka kwa watoto. Tulituma mtu akimbie soko aite Njeru."

"Na wewe? Si ni mti wa bwanako?"

"Bibi hana mizinga," alisema. "Hiyo ni ya bwana peke yake."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mtu wa rika lake. Lakini aliendelea.

"Alituuliza huu mti ni wa nani. Kimeru na Kimbeere tunasikizana. Nikamwambia ni wa Njeru, ameenda soko. Akasema sawa, mwiteni, mimi nitangoja. Akatulia kabisa. Alikuwa anajua."

Walimngoja Njeru pamoja naye, yeye juu, wao chini. Wakawa wanaongea. Aliwaambia kwao ni Mikinduri, akawauliza mvua yao ilikuwaje. Kisha upepo wa mchana ukaja, mwavuli ukajaa, ukamvuta kando, na mzinga mmoja ukapasuka. Nyuki walipotoka hakuna moshi ambao ungewarudisha. Watu walikimbia hadi kule kwenye mawe, wakawa wanamsikia tu.

Nilikumbuka swali la Mama. Nikauliza kama alimwita mtu.

Mama Ireri alimtazama mumewe, na Njeru ndiye aliyejibu. "Aliita mimi. Njeru, Njeru, mpaka akanyamaza. Hata simjui. Mimi nilifika jioni." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Sijaweka mzinga hapo tena."

Wanajeshi walikuja kesho yake wakamteremsha, wakaona alivyovimba, na nadhani ndipo walipoamua kuhusu misumari. Nilipokuwa naondoka, Njeru alinipa chupa ya asali. Alisema si malipo, ni ya kumpa pole mama ya yule kijana. Sikutaka kuigusa, lakini huwezi kukataa asali mkononi mwa mzee. Niliiweka chini ya kiti cha abiria.

Jumamosi nilirudi. Njia yote nilikuwa natafuta wa kulaumu na sikumpata aliyenitosha. Ndege ilimtoa salama. Majirani walikuja na moshi. Hata wale wanajeshi, niliowalaani kwa miaka, walidanganya ili Mama asimwone mwanawe vile. Nilipopita Makutano sikugeuza shingo kuitazama ndege. Kuanzia hapo hadi nyumbani nilikuwa nikitunga uongo wangu mwenyewe. Ningemwambia Mama aliungua papo hapo, kama walivyosema.

Nilimkuta jikoni. Nilianza uongo wangu, akaninyamazisha kwa mkono. Basi nikamwambia yote, hadi jina la Njeru, nikamwekea chupa mapajani. Hakulia. Alikipapasa kizibo chake, kisha akauliza jambo moja tu, kama ni kweli Mutuma aliuliza mti ni wa nani.

Nikasema ni kweli.

Akaniambia jambo ambalo sikulijua, maana sikuwa nimezaliwa. Mutuma akiwa mdogo alipanda mti wa jirani kulamba asali. Mama alimchapa hadi akashindwa kuketi, akamburuta kwa jirani akaombe msamaha, na njiani akamwambia kwamba akiuona mti wenye mzinga asiuguse kabla ya kuuliza mwenyewe ni nani.

"Alisikia," Mama alisema. Akanirudishia ile asali bila kuifungua. "Yule mtoto alinisikia."