Aliyesaini Anatangulia

Nilifika kwenye mgodi mdogo wa dhahabu kule Chunya nikiwa nimetoka kozi ya wiki mbili mjini Mbeya, na ovaroli mpya ya bluu, na kichwa kilichovimba. Kazi yangu ilikuwa kukagua mitambo kabla haijatoka. Ovaroli ile nilikuwa naipiga pasi. Naomba usicheke kwanza, maana pabaya bado sijafika.

Asubuhi moja katapila lilitakiwa kushuka kwenye mteremko mkali, likasafishe njia ya kuingilia shimoni. Opereta alikuwa mama mmoja Mhehe wa Ilula, mtu mzima, aliyeanzia kwenye matrekta ya huko kwao. Kila siku nilimsalimia "kamwene" kwa lafudhi yangu ya Kinyakyusa, naye aliitikia bila kucheka, nikaamini kwamba najua Kihehe.

Kwa asiyewahi kulisogelea, katapila halina matairi. Linatembea kwa cheni mbili, na kila cheni imefungwa vibao vizito vya chuma tunavyoviita viatu, arobaini hivi kila upande. Mkaguzi anatakiwa aviangalie kimoja kimoja, kama meno yake yameliwa, kama kuna ufa, kama bolti zimelegea. Viatu vikiachia kwenye mteremko, mtambo unaweza kuserereka pamoja na aliye juu yake.

Niliangalia vya mbele, vya nyuma na vya juu. Vilivyokuwa chini, vimelaliwa na mtambo mzima, havionekani mpaka usogezwe, halafu upige magoti kwenye vumbi ukwangue udongo ulioganda. Nikaitazama ovaroli yangu. Nikaweka tiki fomu nzima, nikasaini kwa ile sahihi niliyokuwa nimeifanyia mazoezi.

Mama akaipokea fomu, akaisoma taratibu, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha akaniuliza kama buti zangu hazitelezi. Nikamuuliza kwa nini.

"Hapa kwetu aliyesaini anatangulia," akasema. "Nikishuka, fundi anatembea mbele, ananionyesha njia kwa mikono."

Waendeshaji wa pale walikuwa wamejiwekea utaratibu huo zamani, na kwenye kozi hakuna aliyeutaja. Nikautazama mteremko. Nikalitazama katapila, ambalo ghafla lilikuwa limeongezeka uzito. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, kwamba ingefaa turudie ukaguzi kidogo.

Hakubisha. Akapanda, akalisogeza hatua chache, nami nikalala kifudifudi nikikwangua kwa bisibisi kama mtu aliyepoteza pete ya ndoa. Akasogeza tena. Kwenye cheni ya kushoto nikakuta kiatu chenye ufa kutoka bolti hadi bolti, na jirani yake kimebaki na bolti mbili kati ya nne. Nilipokigonga kwa nyundo, kikacheza.

Nikamwita aone, mimi nikiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kola. Akashuka, akachuchumaa, akaupapasa ule ufa kwa kidole. Nilitegemea kusifiwa. Maneno ya unyenyekevu nilikuwa nimeshayaandaa.

"Ukaguzi huu umejikagulia wewe, fundi," akasema kwa upole. "Wa kwangu ni ule uliosaini mwanzo."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Miaka yote ya kazi yake mama yule alikuwa anakaa juu ya chuma kile akiamini sahihi za watu kama mimi, na mimi nilikuwa nimeyathamini maisha yake kuzidi kufua ovaroli kwa kidogo tu, kama hata hicho kidogo kilikuwepo.

Viatu vipya vilifungwa baada ya siku mbili. Nikakagua vyote, nikasaini, nikatangulia mbele ya watu, nikimwonyesha njia kwa mikono. Tukafika chini salama. Fomu ile ya kwanza hajanirudishia hadi leo. Nikimsalimia asubuhi anaitikia vizuri tu, kisha anagusa mfuko wake.